Chai ya Kambini na Hedhi Inayokatika

Kila kundi la mabinti linaloingia kambini kwa mafunzo ya kijeshi hukuta uvumi ukiwasubiri hangani. Wanaambiwa kwamba chai imetiwa dawa. Wengine husema ni mafuta ya taa kwenye maharage, hadithi ambayo aliyesoma shule ya bweni anaijua tangu kidato cha kwanza. Ushahidi unaotolewa ni mmoja na unaonekana hauna jibu: wiki ya tano imefika, wengi hangani hawajaona siku zao, na wote wanakunywa kutoka sufuria moja. Binti ambaye tangu avunje ungo amezoea kuhesabu siku ishirini na nane anatazama kalenda, anatazama kikombe, kisha anaunganisha.

Uvumi huu si wa Afrika Mashariki peke yake. Katika kambi za Marekani, vizazi kadhaa vya askari viliamini kwamba wapishi huwatilia shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, kwenye chakula ili kuwapunguzia ashiki. Tuupime wa kwetu kabla ya kuutupa. Homoni zinazoweza kusimamisha hedhi zinajulikana. Ni za jamii ileile iliyomo kwenye vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo mtumiaji hutakiwa kumeza kila siku kwa kipimo kinachohesabiwa kwa vipande vidogo sana vya gramu. Ukizichanganya kwenye sufuria la chai la watu mia tatu, mmoja atapata nyingi, mwingine atakosa kabisa, na wavulana wanaochota hapohapo watazinywa pia. Homoni zinazoingia mwilini leo na kukosekana kesho huleta matone ya damu yasiyo na wakati kuliko kuleta ukimya. Mafuta ya taa nayo hayana njia ya kuzuia ovari kufanya kazi. Yanachoweza ni kuchafua tumbo na kudhuru mapafu, na harufu yake ingejulikana kabla kikombe hakijafika mdomoni.

Lakini jambo ambalo uvumi unajaribu kulieleza ni la kweli, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tunamcheka binti kwa kuamini dawa ya kwenye chai, kisha tunamwachia hedhi yake iliyokatika bila maelezo yoyote. Hedhi hukatika mafunzoni. Sababu zake zinajulikana, na ni za kushughulikiwa.

Ndani ya ubongo, upande wa chini, kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Kazi yake mojawapo ni kutoa homoni kwa mapigo, takriban kila saa moja hadi saa moja na nusu katika nusu ya kwanza ya mzunguko, kama mtu anayegonga ngoma polepole bila kuchoka. Mapigo hayo huiamsha tezi ya pituitari, pituitari huziamuru ovari, ovari hukomaza yai, na yai lisipotungishwa ukuta wa mfuko wa uzazi hubomoka ukatoka kama damu. Hedhi, kwa hiyo, ni matokeo ya mwisho ya kazi iliyoanza wiki kadhaa nyuma. Damu isipotoka, mara nyingi si kwamba kuna kitu kimeizuia mlangoni. Ni kwamba ngoma ya juu imepunguza kasi au imenyamaza, na chini hakukuwa na kitu cha kubomoka.

Kinachoinyamazisha ngoma hiyo ni hesabu ya nishati. Mwili hulipa kwanza madeni yasiyoahirishwa, yaani moyo, ubongo, mapafu, na misuli inayokimbia sasa hivi. Uzazi unaweza kusubiri. Mwaka 2003 lilichapishwa jaribio la Marekani ambamo wanawake vijana waliwekewa viwango tofauti vya chakula huku wakifanya mazoezi, kisha mapigo ya homoni zao yakapimwa. Ilionekana kwamba nishati inayobaki baada ya kutoa ile iliyotumika mazoezini ikishuka chini ya takriban kilokalori 30 kwa kila kilo ya mwili isiyo mafuta, mapigo huvurugika, na ilichukua siku tano tu. Kiwango kinachouacha mwili utulie ni kama kilokalori 45.

Hesabu hii inafaa ifanywe kwa chakula tunachokijua. Mchukulie kuruta wa kufikirika mwenye kilo 55, ambaye robo ya uzito wake ni mafuta. Zinabaki kilo 41. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri kwa mchakamchaka, anashinda kwenye kwata na kazi za shamba, na kwa ujumla anachoma kilokalori 1,200 juu ya zile ambazo angezitumia akiwa amekaa. Sahani yake ya siku ni vikombe viwili vya uji wa gramu 60 za unga na gramu 30 za sukari, ugali mara mbili wa gramu 180 za unga kila mlo, na maharage yaliyokuwa gramu 100 kabla ya kupikwa. Hiyo ni takriban kilokalori 1,980. Toa 1,200, zinabaki 780, na ukigawa kwa kilo 41 unapata 19. Yuko chini sana ya 30. Ili afikie 45 angehitaji zaidi ya kilokalori 3,000 kwa siku, yaani zaidi ya mara moja na nusu ya anachokula.

Naomba msomaji aone kwamba binti huyu hajafunga, hana kisirani cha chakula, na anatoka mezani tumbo likiwa limejaa. Ugali hujaza. Zaidi ya hayo, kazi nzito mara nyingi huua hamu ya kula kwa muda badala ya kuiongeza, na filimbi hulia kabla anayekula polepole hajamaliza. Mwingine anafurahia nguo zinavyompwaya, akihesabu kupungua kwake kuwa ndiyo faida ya kambi.

Chakula si sababu pekee. Usingizi wa saa nne, kelele za wakufunzi, kuishi miongoni mwa wageni na hofu ya kushindwa mbele ya wenzako huifikia haipothalamasi ileile kwa njia ya homoni za msongo. Wanawake walipoingia kwa mara ya kwanza katika chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, Julai 1976, walikuwa 119; 62 wakahitimu mwaka 1980. Walipochunguzwa, ilibainika kwamba wengi wao walikatika hedhi katika miezi ya mwanzo, na mizunguko ikarejea kadiri walivyozoea. Miaka ya karibuni utafiti wa chuo cha kijeshi cha Sandhurst, Uingereza, uliowafuatilia wanawake katika mafunzo ya uofisa ya wiki 44, ulionyesha jambo la ndani zaidi: hata aliyeendelea kuona damu anaweza kuwa ameacha kutoa yai kama kawaida. Wa kale kidogo ni ushahidi wa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambako madaktari waliona wanawake wengi wakikosa hedhi chakula kilipoadimika na wasiwasi kuzidi, hata hali hiyo ikapewa jina linalohusishwa na vita.

Kuna wanaosema: kama ni ya muda na hurejea, shida iko wapi? Si afadhali kukaa miezi mitatu bila usumbufu? Ninaielewa hoja hiyo, hasa nikifikiria foleni ya choo cha kambi. Lakini ovari zikinyamaza, estrojeni, homoni ya kike zinayoitoa, hushuka, na estrojeni ndiyo inayouzuia mfupa usimomonyoke haraka kuliko unavyojengwa. Binti wa miaka 18 au 19 bado anajaza ghala la mifupa ambalo atalitumia hadi uzeeni. Wakati huohuo anaambiwa akimbie kwa buti kwenye ardhi ngumu akiwa na mzigo mgongoni. Matokeo ni nyufa ndogo za mfupa, hasa kwenye muundi, nyayo na, ile ya kuogopwa zaidi, nyonga. Katika majeshi yaliyopima jambo hili, wanawake walio mafunzoni hupata nyufa hizo mara mbili hadi nne ya wanaume. Maumbile yana sehemu yake, mwendo wa hatua uliopimwa kwa miguu mirefu una sehemu yake, na hedhi iliyokatika kwa muda mrefu ina yake. Mkufunzi anayemwona kuruta akichechemea kwa maumivu yaliyoganda sehemu moja ya muundi, na ambaye hawezi kumuuliza kama ameona siku zake, anakosa nusu ya habari.

Hapa ndipo naona kosa kubwa la elimu ya hedhi tunayowapa mabinti wetu: huishia kwenye pedi. Somo aliyekaa na mwari baada ya kuvunja ungo alimfundisha kujisitiri, kujisafisha na kunyamaza, na kwa maisha ya wakati ule alitimiza wajibu wake. Shule ikaongeza mchoro wa mfuko wa uzazi. Hakuna aliyemfundisha binti kuusoma mzunguko wake kama kipimo, kwa namna ile ambayo fundi husoma mshale wa joto la injini. Nchini Tanzania, Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, lilianza tena mwaka 2013 kuwachukua wahitimu wa kidato cha sita kwa mujibu wa sheria baada ya utaratibu huo kusitishwa mwaka 1994. Tangu hapo maelfu ya mabinti hutoka kwenye dawati la mtihani wakaingia kwenye mchakamchaka ndani ya wiki chache. Mwili unaohama ghafla hivyo unahitaji mwenyewe ajue kuusoma.

Kusoma kwenyewe si kazi ngumu. Tarehe ya siku ya kwanza ya damu huandikwa nyuma ya daftari, pamoja na idadi ya siku na wingi wa pedi zilizolowa. Mzunguko wa mtu mzima huwa kati ya siku 21 na 35, na damu hutoka kwa siku mbili hadi saba. Wasichana wadogo huweza kwenda hadi siku 45. Kuchelewa wiki moja katika mwezi wa kwanza wa kambi si jambo la kukimbilia daktari. Miezi mitatu mfululizo bila damu, kwa aliyekuwa akiona kwa mpangilio, ni jambo la kupelekwa zahanati hata kama mafunzo yamekwisha na yuko nyumbani kwa mama yake.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, kuna swali ambalo makala kama hii haiwezi kulikwepa kwa haya. Kwa binti yeyote aliyewahi kukutana na mwanaume, hedhi ikichelewa jambo la kwanza kuondoa shaka ni mimba, na kipimo cha mkojo hulijibu kwa dakika chache. Kinachofanya kipimo hicho kiogopwe ni matokeo yake kiutawala. Jeshi la Ulinzi la Kenya, kwa mfano, huwataka wasichana wanaoomba kujiunga wasiwe wajawazito wakati wa usajili wala wakati wa mafunzo. Penye masharti ya aina hiyo, anayechelewa hedhi kwa sababu ya njaa na uchovu hunyamaza akiogopa kushukiwa, na mwenye mimba kweli hunyamaza akiombea iwe njaa. Wote wawili wanaendelea kukimbia. Elimu inayofundisha kwamba hedhi hukatika kwa sababu zaidi ya moja humpa wa kwanza ujasiri wa kusema na humwondolea wa pili kisingizio cha kusubiri.

Wapo wanaojiandaa mapema kwa kuizima hedhi kwa makusudi, na ni haki yao, mradi wachague wakijua. Vidonge vya homoni mbili vinaweza kumezwa mfululizo bila wiki ya mapumziko, na damu isiyotoka kwa namna hiyo haikusanyiki popote tumboni, kwa kuwa haikutengenezwa. Hofu ya damu kuganda ndani ndiyo swali ambalo mabinti huuliza kwa sauti ya chini kuliko yote. Ugumu wa vidonge ni kuvikumbuka kila siku mahali ambapo ratiba si yako. Kijiti cha mkononi hakihitaji kumbukumbu, lakini matone yake hayatabiriki. Sindano ya miezi mitatu, ambayo kwetu ndiyo maarufu, huweza kuvuruga damu mwanzoni kabla ya kuikausha, na mwaka 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza iwekewe onyo kali kuhusu kupungua kwa uzito wa mifupa. Upungufu huo kwa kiasi kikubwa hurejea mtu akiacha, na Shirika la Afya Duniani haliwazuii wanawake wenye umri wa miaka 18 hadi 45 kuitumia. Hata hivyo, kwa binti anayekwenda kubeba mzigo kwa buti, ningemshauri aanze njia yoyote miezi mitatu au minne kabla, si wiki ya kuripoti, ili maudhi ya mwanzo yampate nyumbani.

Tofauti ni kubwa kati ya hedhi iliyozimwa na njia ya uzazi wa mpango na iliyokatika yenyewe. Anayetumia njia hizo hupoteza kipimo tunachokizungumzia: damu kutokuwepo hakumwambii tena chochote kuhusu chakula chake. Yeye atazame uzito, usingizi, maumivu ya mifupa na majeraha yanayokawia kupona.

Kwa wanaoendelea kuona siku zao, mambo ya kila siku yana ugumu wake. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita, na matembezi ya masafa marefu hayana saa hizo. Jasho, msuguano wa nguo nzito na pedi iliyolowa huchubua mapaja kiasi cha mtu kushindwa kufunga hatua. Tamponi isizidi saa nane, kwa kuwa ikikaa mno huweza kuzaa sumu ya bakteria inayoangusha mtu ghafla kwa homa na kushuka kwa shinikizo la damu. Kikombe cha hedhi hukaa muda mrefu na hakina taka, lakini kinadai maji safi ya mikono, na aliyekijaribu kwa mara ya kwanza porini atajuta. Vitambaa vinavyofuliwa vinataka jua wazi. Kuvianika chini ya godoro kwa sababu ya haya ni kuvirudisha unyevunyevu mwilini. Baya zaidi ni hila ya kutokunywa maji ili kuepuka choo kisicho na mlango. Imeonekana katika majeshi mbalimbali kwamba wanawake hufanya hivyo, na malipo yake ni maambukizi ya njia ya mkojo na, kwenye jua kali, kuzimia kwa joto. Pazia la turubai kwenye kituo cha mapumziko hugharimu kidogo kuliko dripu.

Maumivu nayo, yale tunayoyaita chango, hutokana na kemikali zinazokaza misuli ya mfuko wa uzazi. Ibuprofeni huzizuia, na hufanya kazi vizuri ikimezwa maumivu yanapoanza, si yalipokwisha kushika kasi. Isimezwe na mtu aliyekaukiwa maji katikati ya matembezi, kwani figo huumia. Maumivu yanayomlaza mtu kila mwezi licha ya dawa yanahitaji uchunguzi wa daktari. Kumwita mvivu hakuyatibu.

Kuhusu uvivu, wakufunzi wa kiume ndio wanaostahili darasa hili kuliko mabinti. Kuna afande anayeamini kwamba aliye kwenye siku zake hafai kwa lolote, na kuna anayeamini kwamba hedhi ni kisingizio. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba nguvu na stamina hupungua kidogo mno katika siku za mwanzo za hedhi, tena kwa kiasi kinachotofautiana sana kati ya mtu na mtu. Kwa hiyo wote wawili wamekosea. Kinachohitajika ni mkufunzi anayeweza kusikia sentensi ya kawaida, "Afande, niko kwenye siku zangu, naomba dakika tano," akajibu, "Nenda, urudi kwenye mstari," bila mzaha na bila kikosi kizima kugeuka.

Imebaki chai. Ina kosa, ila si lile inalosingiziwa. Anayepoteza damu nyingi, zaidi ya mililita 80 kwa hedhi moja, hupoteza takriban miligramu 40 za madini ya chuma, na mazoezi huongeza deni: chembe nyekundu hupasuka nyayoni kwa kishindo cha kukimbia, na kwa saa kadhaa baada ya zoezi utumbo hupunguza kufyonza chuma. Wengi huingia kambini wakiwa tayari na upungufu. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2015–16 ulikuta takriban wanawake 45 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Chuma chao kambini hutoka kwenye maharage na mboga za majani, na chuma cha mimea hushikwa kirahisi na tanini za majani ya chai kikatoka bila kufyonzwa. Kikombe kinachonywewa pamoja na maharage humnyang'anya binti sehemu ya kile kidogo alichopewa. Kikombe hichohicho, kikisogezwa saa moja au mbili baada ya mlo, hakina neno, na kipande cha ndimu kikikamuliwa juu ya maharage huongeza chuma kinachoingia. Kwa kambi inayoweka birika mezani saa ya chakula cha mchana, badiliko hilo halihitaji bajeti: mpishi achemshe maji saa kumi.